Maswali ya Moyo: Hii Akili Mnemba Inaweza Kuujua Moyo Wangu Bila Kunichoma?

Toleo lililopita tuliahidi kujibu maswali ya moyo na hii akili mnemba, AI kama wengi mnavyoiita, na meseji zimemiminika mpaka nyingine imebidi tuziunganishe maana zinauliza kitu kile kile. Majina tumeyatoa. Waliouliza kama kitunguu saumu kinazibua mishipa naomba wasubiri, leo si zamu yao.

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 61, ana presha ya siku nyingi na dawa anameza akikumbuka. Siku hizi akipanda ngazi kidogo tu anahema, jioni miguu inavimba mpaka mikanda ya kandambili inaacha alama, usiku halali mpaka aweke mito mitatu. Kaka yangu yuko Marekani kasema tusihangaike, kuna AI inasoma ECG inajua kama moyo umechoka, tumpime mama ECG tumtumie picha yeye atatafuta wa kuisoma. Kweli ipo au kaka anatupoteza? — Kifungua mimba, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Ipo, kaka hajadanganya, ila kwa mama yako kaanzia mahali sipo.

ECG yenyewe ni kipimo cha zamani sana, Mholanzi Willem Einthoven alikitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1900, mgonjwa anatumbukiza mikono na mguu kwenye ndoo za maji ya chumvi ili umeme wa moyo upite, na kikampatia tuzo ya Nobel mwaka 1924. Siku hizi ndoo hakuna, unabandikwa vinasio 10, sita kifuani na vinne mikononi na miguuni, dakika chache karatasi inatoka na mistari yake 12. Hauchomwi sindano wala huingizwi kitu. Daktari akiiangalia anaona mapigo yanakwendaje, anaona kama kuna sehemu ya moyo iliwahi kukosa damu, anaona moyo uliotanuka. Kitu ambacho jicho la binadamu linahangaika kukiona pale ni nguvu ya moyo kusukuma, yaani kila pigo chemba ya kushoto inatoa damu kiasi gani. Moyo mzima hutoa zaidi ya nusu ya damu iliyomo humo. Ukitoa asilimia 35 au chini, huo umechoka kwelikweli, na kwa kawaida kulijua hilo mpaka upimwe eko, ile altrasaundi ya moyo.

Sasa watu wa Mayo Clinic kule Marekani walichukua ECG za watu 44,959 ambao pia walikuwa na eko, wakailisha kompyuta vyote viwili, wakaiacha ijifunze yenyewe mstari wa mtu mwenye moyo dhaifu unatofautianaje na wa mzima. Halafu wakaijaribu kwa watu wengine 52,870 ambao haijawahi kuwaona. Matokeo yalitoka 2019: iliwapata takribani 86 kati ya kila 100 wenye moyo dhaifu, na wazima nao iliwaachia kwa kiwango karibu hicho hicho. Kilichonishangaza mimi ni wale ambao mashine ilisema wana shida na eko ikasema hawana, maana walipofuatiliwa baadaye ilikutwa hatari yao ya kuja kupata udhaifu huo ni mara nne ya wenzao. Yaani ilikuwa inaona kitu ambacho eko bado haijakiona.

Lakini mama yako wewe hahitaji mashine ya kumshuku. Kuhema, kuvimba miguu, mito mitatu, na presha ya miaka mingi isiyomezewa dawa vizuri, hapo hata mwanafunzi wa mwaka wa tatu anamshuku. Anachohitaji ni hiyo eko yenyewe pamoja na damu ya figo, na dawa zianze. AI ya kwenye ECG kazi yake ni kumnasa yule asiyeonyesha dalili. Mpeleke wiki hii, kaka wa Marekani achangie gharama ya eko badala ya kutafuta wa kusoma picha, na usiku akiamka anatweta hawezi kulala chini msisubiri kupambazuke.

SWALI: Dokta habari za kazi. Mi ni fundi magari, nina miaka 54. Nikisukuma gari kifua kinabana katikati, nikisimama dakika mbili tatu kinaachia. Nimeambiwa nikafanye angio, mrija upite mkononi mpaka kwenye moyo. Sisemi uongo, naogopa. Nimesoma kwamba AI inafanya hiyo kazi kwa picha tu, sasa kwa nini wasinipe hiyo? — Fundi, Temeke

JIBU: Salama kaka. Kuogopa mrija si aibu, wanaume wengi wenye mikono migumu kama yako huwa wanatoka jasho wakiuona. Unapigwa ganzi tu pale kwenye kifundo cha mkono au kinenani, huzimishwi, mrija mwembamba unapandishwa, dawa ya rangi inapulizwa kwenye mishipa ya moyo na eksirei inaonyesha wapi pamebana. Hatari ipo ila ni ndogo. Faida yake kubwa ni kwamba wakikuta pamebana vibaya wanaweza kupatanua hapo hapo na kuweka stenti, kile kiwavu kidogo cha kuuzuia mshipa usibane tena.

Hiyo ya picha uliyoisoma naijua. Unapigwa CT ya mishipa ya moyo, yaani eksirei ya kompyuta, na sindano ya dawa ya rangi mkononi utachomwa, kwa hiyo anayekwambia huguswi kabisa anakuongopea kidogo. Shida ya siku zote ya CT ni kwamba inaonyesha mshipa umebana lakini haikwambii kama huo mbano unazuia damu kiasi cha kukuumiza, na kulijua hilo ilibidi mrija uingie na waya wa kupimia presha kabla ya mbano na baada ya mbano. Kampuni ya HeartFlow ya California ikaja na programu inayochukua picha zako za CT, inachora mishipa yako yote kwenye kompyuta, halafu inakokotoa damu inavyopita humo na presha inashuka wapi. Wamarekani waliiruhusu mwaka 2014.

Mwaka uliofuata yakatoka matokeo ya utafiti wa Ulaya uliohusisha wagonjwa 584. Sikiliza hii fundi, maana ndo jibu lako. Kati ya waliokuwa wamepangiwa mrija na wakapelekwa moja kwa moja kwenye mrija, 73 katika kila 100 walikutwa hawana mshipa ulioziba kiasi cha maana. Kwa wenzao walioanzia CT pamoja na yale mahesabu ya kompyuta, 61 katika kila 100 safari ya mrija ikafutwa kabisa. Watu wengi sana wamekuwa wakiingizwa mrija kwenda kuambiwa mko sawa nendeni nyumbani, mimi hilo nimeliona kwa macho yangu na halinifurahishi.

Kwa hiyo una haki ya kumuuliza daktari wako swali moja tu, mimi nafaa kuanza na CT ya mishipa? Anaweza kukujibu hapana na awe na sababu: figo hazitaki ile dawa ya rangi, una stenti ya zamani, mapigo hayatulii, mishipa imejaa chokaa mpaka picha haisomeki, au maumivu yako yenyewe yanamwambia kwamba mwisho wa siku mrija utaingia tu. Akikwambia hapana nenda kafanye angio. Pale JKCI, taasisi ya moyo ya Muhimbili, wanafanya kila siku, si kitu cha kusafirishwa India tena kama zamani. Na kifua kikianza kubana ukiwa umekaa tu, hujasukuma chochote, habari ya miadi ifute, nenda emejensi.

SWALI: Mambo vipi dokta, mi nauza simu na saa janja Kariakoo mtaa wa Aggrey. Wateja wananiuliza hii saa inapima moyo kweli? Zipo za elfu 35 boksi limeandikwa zinapima presha, oksijeni, ECG, sukari, kila kitu na AI juu. Nawajibu nini nisije nikaua mtu? — Bwana Saa

JIBU: Poa mdogo wangu, na hongera kwa kuuliza maana wenzako hawaulizi.

Geuza saa uangalie mgongoni. Ile taa ya kijani inamulika ngozi, damu ikija na pigo mwanga unaorudi unabadilika, ndo saa inahesabu mapigo. Hilo za bei nafuu nyingi zinajitahidi ukiwa umetulia. Presha bila mkanda wa kubana mkono kwa saa za elfu 35 ni kubahatisha, na sukari bila tone la damu wala kifaa cha kuchomeka kwenye ngozi, hiyo usimwambie mteja kabisa, hata mamlaka za Marekani hazijaruhusu saa yoyote kufanya hivyo. ECG ya kweli ina alama moja rahisi: saa itamwambia mvaaji aguse kitufe au ukingo wake kwa kidole cha mkono wa pili na atulie nusu dakika, kwa sababu umeme wa moyo lazima usomwe kutoka upande mmoja wa mwili kwenda wa pili. Kama mstari wa ECG unachezacheza kwenye kioo na mtu hajagusa popote, huo ni katuni. Ukitaka kucheka siku biashara imelala, ivalishe ndizi mbivu, zipo zitakazokupa mapigo ya ndizi.

Zile kubwa za bei mbaya ni habari nyingine. Watu 419,297 wa Marekani walivaa saa za Apple kwenye utafiti uliochapishwa 2019, na katika wote hao waliopewa taarifa kwamba mapigo yao hayana mpangilio hawakufika hata mmoja kwenye mia, ni asilimia 0.52. Waliopewa taarifa wakatumiwa kiraka cha kuvaa kifuani, na kati ya 450 waliokivaa na kukirudisha, asilimia 34 ndo walikutwa na ule ugonjwa wa mapigo kutapatapa, ambao ukiuacha damu inaganda ndani ya moyo na kipande kikiruka kichwani ni kiharusi. Usidhani wale wengine wote saa iliwadanganya, ugonjwa huu unakuja na kuondoka, na kiraka kilifika siku kadhaa baadaye.

Mteja mwambie hivi: saa ikikwambia kuna kitu nenda kapime ECG, ila saa ikikaa kimya usiseme uko mzima. Na kama shida yake ni presha muuzie mashine ya mkanda wa mkononi, faida utapata hapo hapo.

SWALI: Shikamoo dokta. Nimejifungua wiki sita zilizopita, mtoto wa pili, miaka 29. Nachoka sana, nikilala chali nakosa pumzi, nakohoa usiku. Mama mkwe anasema ni uzazi na baridi nijifunge kanga tumboni ninywe uji wa pilipili manga. Mume wangu kaona mtandaoni Nigeria wana kifaa cha AI kinajua moyo wa mzazi. Kipo Dar? — Mama Wawili, Kimara

JIBU: Marahaba mwanangu. Hili swali nimelipa nafasi kubwa makusudi na ninaomba mama mkwe naye asomewe kwa heshima zake zote.

Kuna ugonjwa unaitwa kadiomayopathi ya uzazi, moyo wa mwanamke unadhoofika mwishoni mwa ujauzito au miezi ya mwanzo baada ya kujifungua, hata kama hakuwahi kuugua moyo maisha yake yote. Ubaya wake ni kwamba dalili zake zinafanana na uzazi wenyewe. Kuchoka nani hachoki ana kichanga? Kuvimba miguu nani havimbi? Kwa hiyo unaambiwa ni kawaida, wiki zinapita, siku anafika hospitali mapafu yamejaa maji. Afrika tunao kwa wingi kuliko Ulaya, na Nigeria, hasa kaskazini, ndo inatajwa kuongoza duniani.

Ndo maana utafiti ukafanyika kule. Hospitali sita, wanawake wajawazito au waliojifungua ndani ya mwaka mmoja, matokeo yakachapishwa 2024. Nusu walihudumiwa kama kawaida. Nusu nyingine waliwekewa kifuani kisikilizio cha kidijitali, yaani kile kifaa cha daktari cha kusikilizia moyo ila hiki kinachukua sauti na umeme wa moyo kwa pamoja, sekunde 15 tu, kinatuma kwenye simu na AI inasema moyo huu nauogopa au siuogopi. Eko ndo ikathibitisha. Katika kundi la kawaida waliogundulika na moyo dhaifu walikuwa 12 kati ya 608, asilimia 2. Kundi la kifaa walikuwa 24 kati ya 587, zaidi kidogo ya asilimia 4. Mara mbili. Wale wanawake wa ziada wasingepimwa hivyo wangerudishwa nyumbani kunywa uji.

Sasa kuhusu wewe. Usikitafute hicho kifaa. Kukosa pumzi ukilala chali na kikohozi cha usiku wiki sita baada ya kujifungua ni dalili ya kupimwa leo, na leo nina maana siku unaposoma hapa. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu nawe, kwa Kimara Mwananyamala ni rahisi kuifikia, ukifika mlangoni usianze na kuchoka, anza na "nimejifungua wiki sita na nikilala sipumui", hayo maneno yanafungua milango. Waambie unanyonyesha ili wachague dawa inayofaa. Wengi wakiwahiwa moyo unarudi vizuri, na kama ndo huu, mimba nyingine usiipange kabla hujakaa na daktari wa moyo mkazungumza. Uji wa pilipili manga kunywa ukirudi, hauna ubaya wowote.

SWALI: Mi ni nesi zahanati, nje kidogo ya mji. Hatuna eko wala wa kuipiga. Tukipata hiyo AI ya ECG si nipime kila anayeingia mlangoni? — Sista, Kigamboni

JIBU: Sista, ningependa sana, lakini tupige hesabu kwanza, kalamu mkononi. Chukua watu 1,000 wa kawaida, tuseme 20 kati yao wana moyo dhaifu na hawajui. Mashine inayopata 86 kwa 100 itakukamatia 17 na itakupita na 3. Hapo safi. Sasa wale wazima 980, ikikosea kwa 14 katika mia utakuwa na watu kama 140 umewatia hofu bure. Una watu 157 mkononi wanataka eko, na wenye shida ni 17. Eko iko ng'ambo ya daraja, nauli na siku ya kazi ni juu yao. Mashine ya namna hii ni mlinzi wa getini, anakuonyesha nani wa kukaguliwa ila yeye hakagui, na mlinzi anayesimamisha kila mtu foleni yake unaijua.

Kwa hiyo usipime kila mtu, anza na wenye presha, kisukari, wajawazito na wazazi wanaohema, waliowahi kutibiwa saratani kwa dawa kali. Ukichagua hivyo mashine ile ile inakuwa na akili zaidi bila kubadilishwa hata waya mmoja, maana wagonjwa wa kweli ni wengi kwenye kundi. Na inasaidia kweli, Mayo waliwagawa watu 22,641 kwenye vituo 45, madaktari wa kawaida wengine walipewa jibu la AI wengine hawakupewa, na ndani ya siku 90 moyo dhaifu uligunduliwa kwa asilimia 2.1 badala ya 1.6. Si muujiza, ila ni watu.

Kitu kingine kinachokuhusu wewe zaidi ni eko yenyewe. Kuna programu, Marekani waliiruhusu Februari 2020, inamwelekeza mtu asiye na ujuzi jinsi ya kushika kile kichwa cha altrasaundi, sogeza kushoto, inamisha kidogo, tulia hapo hapo, picha ikikaa sawa inajipiga yenyewe. Manesi wanane ambao hawajawahi kupiga eko maishani walipima wagonjwa 240, na karibu picha za wote zilitosha kwa daktari kusema moyo una ukubwa gani na unasukuma vipi. Mimi nikiambiwa nichague hela iende wapi kwa zahanati kama yako, nachagua hii kabla ya ile ya ECG, maana hii inamaliza ubishi pale pale.

SWALI: Dokta nacheza ndondo, miaka 22, mzima kabisa. Nilipimwa ECG kabla ya usajili, karatasi juu imeandikwa si ya kawaida, daktari kaangalia kasema cheza tu. Nikapiga picha nikaiuliza ChatGPT ikanambia inawezekana ni shambulio la moyo. Sijalala siku tatu. Nimsikilize nani? — Winga, Tandika

JIBU: Lala mdogo wangu. Yale maandishi yanayochapwa juu ya karatasi ni ya programu za zamani zilizomo ndani ya mashine, zinafuata kanuni zilizoandikwa na watu, mstari ukipanda milimita kadhaa zinapiga kelele. Vijana wa mazoezi, na hasa vijana weusi wa mazoezi, mistari yao mara nyingi imepanda na kugeuka kwa namna inayomtisha asiyejua, na wataalamu wa michezo wana mwongozo unaosema ipi ni maumbile na ipi si ya kuachia. Daktari wako inaelekea aliona ni maumbile. ChatGPT na wenzake ni mashine za maneno, hazijapitishwa popote kusoma ECG, usizichanganye na zile AI nilizozitaja hapo juu ambazo zimefundishwa kazi moja na kupimwa kwenye hiyo kazi moja. Umeipa picha ya simu yenye kivuli cha kidole, ikakupa jibu lenye kujiamini, ndo zilivyo.

Ila nijibie haya: umewahi kuzimia ukiwa unakimbia, si baada ya kukimbia, unakimbia? Kwenye ukoo kuna aliyekufa ghafla kabla ya miaka 40? Kama jibu ni ndiyo hata kwa moja, rudi kwa daktari umwambie, upimwe eko kabla ya mechi. Na ile picha yenye jina lako na namba ya faili ifute huko. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 tunayo na inawabana wanaokusanya taarifa zako, lakini ukizimwaga mwenyewe kwenye kampuni ya ng'ambo kuzirudisha ni kazi.

SWALI: Hizi mashine si zimefundishwa na mioyo ya Wazungu? — Mdadisi, Sinza

JIBU: Nyingi ndiyo, swali zuri. Ile ya ECG ya Mayo ilipimwa tena mwaka 2020 kwa makundi ya rangi mbalimbali ndani ya Marekani na haikuyumba. Kwa vifaa vya mwanga usiwe na imani ya haraka, kile cha kubana kidole cha oksijeni mwaka huo huo 2020 kilionekana kinakosea zaidi kwa wagonjwa weusi, kinasema oksijeni ipo wakati damu inasema haipo. Ndo maana utafiti wa Nigeria nauthamini, umefanyika kwa wanawake wetu. Kifaa kikiletwa hapa cha kwanza kuuliza ni kama TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wamekisajili, cha pili kimejaribiwa kwa nani.

SWALI: Baba kifua kinamuuma tangu alfajiri, kinapanda taya na mkono wa kushoto, anatoka jasho. Kifaa chake cha ECG cha vidole viwili kimesema mapigo ni ya kawaida. Tusubiri? — Tabata

JIBU: Huyu tulimpigia simu hatukusubiri gazeti. Kwa wengine wote: msisubiri. Kifaa cha vidole viwili kinaangalia mstari mmoja kati ya 12 na kimetengenezwa kukagua mapigo, shambulio la moyo hakiwezi kulikataa, hata ile ECG kamili ya hospitali inaweza kuwa safi saa ya kwanza, ndo maana inarudiwa na damu ya troponini, ile protini inayovuja moyo ukiumia, inachukuliwa zaidi ya mara moja. Msimpandishe bodaboda. Gari, akiwa amekaa, na asijiendeshe.

SWALI: Nimeona video wanasema wanapiga picha jicho wanajua kama utapata ugonjwa wa moyo. Nina kisukari mwaka wa sita, macho sijawahi kupima. Ni kweli au ni uchawi wa mtandao? — Bibi Harusi Mtarajiwa, Mbezi

JIBU: Ni kweli, ila haijaingia kliniki za kawaida. Google mwaka 2018 walifundisha kompyuta kwa picha za nyuma ya jicho za watu 284,335. Kwa picha tu ikawa inakisia umri kwa tofauti ya miaka mitatu hivi, inajua mwanamke na mwanamume, jambo ambalo daktari wa macho hawezi, na inajitahidi kubashiri nani atapata shambulio au kiharusi ndani ya miaka mitano, japo hapo haikuwa na makali sana, karibu sawa na kutumia umri, presha, uzito na sigara. Mishipa ya jicho unaweza kuiona mubashara bila kumchana mtu, kwa hiyo wazo lina mantiki.

Lakini wewe miaka sita ya kisukari bila kupimwa macho, hiyo picha ya nyuma ya jicho unaidai kwa sababu ya jicho lenyewe, maana kisukari kinakula retina taratibu huku unaona vizuri tu, na inatakiwa kila mwaka. CCBRT Msasani wanapiga, hospitali kubwa zenye kliniki ya macho pia. Watakuwekea matone ya kutanua mboni na utaona ukungu saa kadhaa, kwa hiyo nenda na mtu wa kukurudisha, na usiweke siku hiyo kuwa ya kujaribu shela.